Ng'ombe wa Upepo

Papa Lwaboshi alikuwa mtu wa kushuku, na wala hakuona aibu. Ukimsalimia asubuhi, anajiuliza unataka nini. Usipomsalimia, anajiuliza umefanya nini. Pale soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, chini ya turubai alipotengenezea baiskeli za kabaza, zile za kubebea abiria, wateja walikwisha kumzoea. Ukimletea tairi iliyotoboka, kwanza anakuangalia wewe, halafu tairi, halafu wewe tena, kama vile mmekula njama nyinyi wawili.

Kwa hiyo siku ujumbe wa kijana Cadeau ulipokuja kumtolea mahari Ketsia, binti wa Lwaboshi, hakuna aliyeshangaa kumkuta amekaa kitini amekunja uso. Kule kwao Fizi, Kongo, mahari ni ng'ombe. Dzaleka ng'ombe hana pa kulala, na majani yenyewe ni ya wenye nchi. Basi Wakongo wa kambini walikuwa wamekubaliana kimyakimya kwamba kitu kingine kinaweza kusimama mahali pa ng'ombe, mradi kitembee, kibebe mzigo, na majirani wakione. Cadeau, aliyekuwa akifanya kazi ya ufundi Lilongwe, mtaa wa Area 23, alileta baiskeli. Si hizi za kabaza za chuma kizito. Hii ilikuwa ya buluu, ya kupandia milima, yenye matairi manene, na mbele imesimama juu ya miguu miwili inayong'aa. Ukiikandamiza miguu ile inazama, ukiiachia inapanda taratibu bila kelele.

Msemaji wa familia ya Cadeau alikuwa Melchior, mzee wa Bukavu mwenye maneno matamu kuliko chai ya harusi. Aliisifu baiskeli mpaka akatoka jasho.

"Wazee ba Fizi, muangalie ngombe yetu! Haikulake majani, haikunywake maji, haigonjwake. Upite nayo kwa mawe, mikono yako haitasikia kitu."

Lwaboshi akainuka, akashika usukani, akakandamiza kwa uzito wake wote. Miguu ikazama, ikapanda. Akarudia, akitafuta walau mlio mmoja wa kumpa sababu ya kukataa. Hakuupata.

"Iko muzuri," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi polisi. Wanawake wakapiga vigelegele, na Ketsia, nyuma ya pazia, akauficha uso ndani ya gauni alilokuwa anashona.

Wageni walipoondoka, mkewe Annonciata alileta habari aliyodhani itamchekesha.

"Cadeau aliniuliza eti uko na kilo ngapi."

"Kilo zangu?"

"Njo vile. Mi nikamwambia zile za wakati ule ulipimwa ku kliniki."

Lwaboshi hakucheka. Mtu mzima hupimwa kilo kwa sababu mbili, dawa au jeneza, na yeye hakuwa mgonjwa. Akaliweka neno lile akiba.

Baiskeli ilikaa ndani, pembeni ya cherehani ya Ketsia, na kwa muda ilikuwa mapambo ya nyumba. Kisha asubuhi moja Lwaboshi akaikuta imepiga magoti. Mbele imezama yote, nyuma imeinuka. Akaivuta juu, ikarudi chini pole pole, kama mtu anayevutwa na mkono usioonekana. Machale yakamcheza. Hapa pana namna, akajisemea, na moyoni, tuseme ukweli, alisikia raha kidogo. Mtu aliyeshuku maisha yake yote hufurahi pale shuku yake inapopata mahali pa kukaa.

"Umuulize Cadeau," Annonciata akasema. "Yeye njo fundi yayo."

"Nimuulize ili apate muda ya kupanga bongo ya kunidanganya?"

"Basi kama unashuku, uirudishe sasa ikiwa muzima. Unajua desturi, Papa Ketsia. Ngombe ya mali, ile ya kuolea mutoto, ukiisha kuichinja, hairudi tena. Inakuwa yako, na mutoto anakuwa wao."

"Mi siichinje. Ninaifungua tu."

Akaigeuza uani, magurudumu juu, na kuanza kazi. Alikwisha kufungua miguu ya mbele ya baiskeli nyingi za bei rahisi, zile zinazotoka China, na zote zilikuwa na kitu kimoja tumboni: springi nene ya chuma iliyojisokota. Alijua anachokwenda kukikuta. Akaitoa ile miguu kwenye baiskeli, akaibana mguu wa kushoto kati ya magoti, akaweka spana kwenye kifuniko cha juu. Alipofika mzunguko wa mwisho, PAA!

Kifuniko kikaruka, kikagonga bati la jirani, kikarudi chini kikiviringika. Oili ikarukia mashuka ya Annonciata kwenye kamba. Jirani mmoja, ambaye amekimbia vita zaidi ya mara moja, akalala kifudifudi mlangoni pake na hakuinuka mpaka alipoitwa kwa jina lake. Annonciata akatoka mbio na mwiko wa nsima, ugali wa Malawi, mkononi.

"Umetuua!"

Lwaboshi hakumsikia. Alikuwa amekwisha kutoa fimbo nyembamba ya chuma yenye pistoni na pete za mpira, akauinua mguu juani, na kuchungulia ndani. Aliona upande wa pili. Akatia spoku, akakorogakoroga. Hamna kitu.

"Wameitoa," akanong'ona.

Na hapo mambo yote yakajipanga kichwani mwake, sawasawa kabisa, kasoro kwamba yote yalikuwa ya uongo. Utotoni, kule Fizi, aliwaona wachuuzi wa ng'ombe wakiwalambisha ng'ombe chumvi na kuwanywesha maji mengi asubuhi ya mnada, tumbo lijae, mnunuzi avutiwe. Baba yake alinunua mmoja wa hao. Kesho yake kulikuwa na mbavu tu zizini. Sasa huyu kijana wa mjini naye amefanya vilevile. Ametoa springi, kaiuza huko Area 23, halafu akajaza upepo ili ng'ombe asimame siku ya watu. Upepo umekwisha, ng'ombe kaanguka. Ndiyo maana aliuliza kilo. Alitaka kujua ajaze upepo kiasi gani ili kumdanganya mzee wa uzito ule!

Jambo hili alimwambia mtu mmoja tu. Bahati mbaya mtu huyo alikuwa kinyozi. Kabla jua halijazama, vijana wa kabaza walikuwa wanaitana kwa mluzi na kusema, "Angalieni springi zenu, Cadeau anakuja!" Na kwa kuwa ameshaanza, Lwaboshi akaenda kwa mchungaji kuomba tangazo la ndoa lisisomwe Jumapili, mpaka "mambo yaonekane."

Ketsia aliacha kushona. Alikaa mbele ya cherehani, miguu juu ya kikanyagio bila kukikanyaga, na nyumba iliyozoea kelele ile ikawa kama ina msiba. Baba yake alipopita, akamwita.

"Papa, we ulimuuliza Cadeau?"

"Nitamuuliza nikiwa na ushahidi."

"Ukimukataa juu ya kosa, mi nitakubali. We njo papa yangu. Lakini ukimukataa juu ya mashaka tu, sitakusamehe."

Maneno yale yalimwuma, kwani Ketsia hakuwa mtoto wa kumjibu. Hata hivyo hakwenda kumwuliza Cadeau. Aliomba kibali cha kutoka kambini, akavifunga vipande vya ule mguu ndani ya kitenge cha mkewe, akapanda gari la Lilongwe. Alitaka kuiona springi yake kwa macho.

Karakana aliyofanyia kazi Cadeau ilikuwa ya mama mmoja Mrundi, Kankindi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini na mikono myeusi kwa grisi. Aliuza baiskeli za mitumba na kuzitengeneza. Mbele ya duka kulikuwa na rundo la miguu ya mbele ya baiskeli, imelala ovyo kama mifupa. Cadeau hakuwepo, alikuwa amepeleka baiskeli kwa mteja. Vizuri, Lwaboshi akawaza. Akajifanya mteja wa kutoka mji wa Madisi, akamsalimia kwa Kichewa.

"Mama, muli bwanji. Niko na shida. Mutu ameniibia springi." Akafungua kitenge, na kumtazama mama usoni, aone kama atashtuka.

Kankindi hakushtuka. Alichukua ule mguu, akaugeuza, akaufuta vumbi jekundu kwa kidole.

"Muzee, hapa hakuna springi iliyoibiwa. Hii haina springi. Inabebwa na upepo."

"Upepo," Lwaboshi akarudia. Akawaza: hata na huyu yumo.

"Mguu wa kulia una oili, unazuia isirukeruke. Wa kushoto ndio unabeba, na unabeba kwa upepo."

"Unioneshe. Lakini si na hii. Mi njo nitachagua."

Akaenda kwenye rundo, akachimba mpaka chini kabisa, mahali ambapo mtu hawezi kuwa amepanga mchezo, akatoa jozi moja ya miguu iliyokuwa bado nzima. Kankindi akatabasamu, akavuta kigoda.

Kwanza akafungua kofia ndogo juu ya mguu wa kushoto. Chini yake kulikuwa na valvu kama ya tairi. Akabonyeza sindano yake kidogo kidogo. Upepo ukatoka ukilia, huku mama akiukandamiza na kuuinua mguu ili na ule wa ndani utoke. "Hapa ndipo watu huumia," akasema. "Mtu akifungua kifuniko upepo ukiwa ndani, kinaweza kumtoa jicho." Lwaboshi akajigusa jicho bila kutaka. Kisha mama akalegeza boliti za chini, akazigonga kwa nyundo ya mpira, akachuruza oili chafu kwenye kopo, na kuvuta nje fimbo ya ndani. Mwisho akauinua mguu ule, akampa achungulie.

Mtupu. Lwaboshi aliona karakana yote kupitia tundu lile, mpaka kalenda ya ukutani.

"Fungua na ingine," akasema.

Kankindi akafungua na mwingine, ambao pia aliuchagua mzee mwenyewe. Mtupu vilevile. Sasa jasho likaanza kumtoka Lwaboshi, maana kama huu ulikuwa wizi, basi Cadeau alikuwa ameiba dunia nzima.

Mama akaendelea kama hakuona kitu. Akasafisha ndani kwa kitambaa laini, akapaka grisi, akavisha pistoni pete mpya za mpira, akarudisha kila kitu mahali pake, akamimina oili kidogo tu chini. Akaleta pampu fupi yenye saa ya kupimia. Akajaza, akakandamiza mara chache ili upepo ugawane vyumba vya juu na chini, akajaza tena. Kisha akausimamisha ule mguu chini na kumwambia Lwaboshi auegemee. Akauegemea. Ukazama, ukampokea, ukamrudisha juu.

"Upepo umefungiwa chumbani," Kankindi akasema. "Unataka kutoka, hauna pa kutokea. Basi unakubeba. Lakini unajazwa kwa uzito wa mwenye baiskeli. Lazima kwanza umwulize mtu ana kilo ngapi."

Lwaboshi akakaa chini, juu ya tairi, bila kukaribishwa.

Mama akarudi kwenye vipande vya kitenge. Akainua pete ndogo ya pistoni na kumwonesha upande mmoja ulivyolika. "Umeona? Upepo ulipita hapa kutoka chumba cha juu kwenda cha chini, na ule wa chini ukaanza kuvuta mguu. Ndipo baiskeli inapiga magoti. Ni pete tu." Akainamia tena, akakunja macho. "Ngoja. Hii naijua! Hii ni ya Cadeau, fundi wangu. Ulikipata wapi kitu hiki?"

"Nilikipata," Lwaboshi akasema, akiiangalia kalenda ya ukutani.

"Alijua ile pete imechoka. Aliagiza mpya, ikachelewa, na siku ya mahari ikafika. Akamwambia msemaji wake aseme mbele ya watu: pete itabadilishwa, mzee asiwe na wasiwasi." Lwaboshi akamkumbuka Melchior na jasho lake. Kati ya sifa zote zile, neno pete halikuwemo. "Pete ilifika juzi. Lakini ya kazi gani? Huko kambini wamemwita mwizi. Jumamosi msemaji anakwenda kuichukua baiskeli, na ndoa imekufa. Kijana mzuri vile! Eti baba mkwe ni mtu wa ajabu, anashuku hata kivuli chake."

Lwaboshi akakohoa. Alimwona Ketsia na miguu yake juu ya kikanyagio kisichosogea. Baiskeli ikirudi kwa wenyewe, ndoa basi; hakuna mtu wa Fizi wala wa Bukavu atakayeirudisha mara ya pili. Hofu ikamshika, hofu ya kweli, si ile ya kuwaza waliomzunguka wanapanga nini.

"Nikufungie, kwa kuwa pete ipo?" Kankindi akauliza.

Alifungua mdomo aseme ndiyo. Kisha akakumbuka maneno ya Annonciata kuhusu desturi, kabla hajaweka spana.

"Hapana. Unipe ile pete. Vipande, uviache vile viko."

"Bila kufunga?"

"Bila kufunga."

Sasa ilikuwa zamu ya Kankindi kumwangalia: kwanza yeye, halafu kitenge, halafu yeye tena. Ulikuwa mtazamo mrefu, na Lwaboshi hakuwahi kujua kama unachoma hivyo.

"Wewe ni nani?"

"Mi njo ule mutu ya ajabu," akasema.

Jumamosi Melchior akaja na wazee wake, nguo zimepigwa pasi, nyuso za matanga. Cadeau alikuwa nyuma yao, kijana mwembamba, hakumtazama mtu. Majirani wakajaa uani, na kinyozi akiwa mstari wa mbele. Hakukuwa na chai.

"Tulileta ngombe kwa hii lupango, hapa nyumbani kwenu," Melchior akaanza, safari hii bila utamu. "Munasema iko ngombe ya wizi. Basi, hatukuje kugombana. Mutupe ngombe yetu, tuende."

Ndani, Ketsia alisikika akivuta pumzi. Lwaboshi akaingia, akatoka na kitenge, akakitandaza juu ya mkeka. Mguu, kifuniko, fimbo, pistoni, pete iliyolika. Kiunzi cha buluu kiliegemea ukuta bila mbele.

"Ngombe yenu njo hii," akasema.

Melchior akainama, akainuka. "Mungu wangu. Uliichinja?"

"Niliichinja. Kwa mukono yangu, hapa hapa, batu bote walisikia vile ililia." Jirani wa mlangoni akatikisa kichwa kukubali. "Desturi yetu na yenu iko moya. Ngombe ya mali ikishachinjwa, hairudi. Hakuna ile tunaweza kuwarudishia. Mutoto njo wenu."

Annonciata alikuwa wa kwanza kuelewa. Akaweka kiganja mdomoni. Wazee wa Bukavu wakatazamana. Hawakupata pa kupita. Melchior akafungua mdomo, na Lwaboshi akamwambia kwa sauti ya chini, "Na kama kuna mutu alisahau kutuambia habari ya pete, hatutamuuliza leo." Melchior akaanza kuvitazama viatu vyake.

Lakini Cadeau akasogea mbele.

"Na jina yangu, Papa? Na yenyewe uliichinja."

Lwaboshi alikuwa amejiandaa kwa ujanja wa ng'ombe njia nzima kutoka Lilongwe. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Akavua kofia. Akageuka, si kwa Cadeau, bali kwa kinyozi na vijana wa kabaza na wote waliopiga mluzi.

"Muniskilize bote. Hakuna springi ile iliibiwa. Haikukuwa na springi. Ilikuwa na upepo, na upepo njo springi yenyewe, na mimi njo niliutoa kwa ujinga yangu. Huyu kijana hakuiba kitu. Mi njo nilimuibia jina. Kinyozi, vile ulipeleka ile ya kwanza, upeleke na hii." Kisha akamgeukia Cadeau, na sauti haikuwa tena ya ushahidi. "Unisamehe, mutoto yangu. Niliogopa. Nikaona afazali nikushuku kuliko kukuuliza."

Cadeau akachuchumaa kwenye mkeka, akaipokea pete mpya kutoka mkononi mwa Lwaboshi, akaivisha pistoni, akapaka grisi kwa kidole. Alifanya kazi bila haraka na watu wote wakimtazama, hata Melchior. Ketsia akatoka nje bila kuitwa, akasimama karibu naye, akawa anampa spana. Miguu ikarudi mwilini, gurudumu likaingia, baiskeli ikasimama. Cadeau akatoa pampu yenye saa kwenye mfuko wake, akaifunga kwenye valvu.

Akauliza bila kuinua macho.

"Papa, uko na kilo ngapi?"

Kwa mazoea, Lwaboshi alilitafuta tego ndani ya swali. Alilitafuta mbele na nyuma. Halikuwemo.

"Usishike zile Mama Ketsia alikuambia," akasema. "Ni za zamani. Nimepungua."

"Basi kaa juu, tuone."

Akapanda. Cadeau akashika usukani kwa mkono mmoja na tandiko kwa mwingine. Vidole vya miguu ya mzee bado viligusa ardhi, kimoja kushoto, kimoja kulia.

"Uinue miguu, Papa. Ukisimamia chini, siwezi kupima."

Lwaboshi akamtazama Ketsia. Kisha akainua miguu yote miwili, na Cadeau akamshikilia.